Mkoba Ulioingia Mtupu Ukatoka Umejaa

Kosa ninalolileta mbele yenu leo, ndugu zangu, ni kumshuhudia mtu kwa jambo ambalo sikulijua. Sikulitenda kwa hasira, wala sikuwa na kisasi na yeyote. Nililitenda kwa utulivu, nimevaa miwani yangu ya kusomea, nikiwa na hakika kwamba ninaitetea haki. Nimelitaja mapema kwa sababu nawajua nanyi mnanijua: Mwalimu akisimama, watu hukaa sawa vitini wakijua kwamba kuna mtu atakayekemewa. Leo anayekemewa ni mimi. Akina mama wa jikoni wameniomba nisirefushe maneno, chai isije ikapoa. Nitajitahidi, ingawa wanaufahamu udhaifu wangu.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyoanza kuharibika katika mji huu wa Uingereza. Bei ya gesi ya kupashia nyumba joto ilipanda, chakula kikapanda, na karakana zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa mkaguzi wa vipuri vya magari katika karakana moja kule Aston. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kukishika kipuri, kukipima, na kusema kinafaa au hakifai. Maagizo yalipopungua tulianza kupunguziwa saa, na kadiri saa zilivyopungua ndivyo maneno yalivyoongezeka katika chumba cha chai. Watu walisoma magazeti yaliyoachwa mezani, wakaona picha ya fulani aliyenaswa akipokea pesa ambazo serikali huwapa wasio na kazi huku akiendesha biashara, wakayatupa chini kwa uchungu. "Sisi tunaamka alfajiri, wao wanalala mpaka saa sita," walisema. Uchungu ule ulikuwa na msingi. Mtu anayekatwa kodi kila mwezi, naye hana hakika ya kazi yake ya mwezi ujao, ana haki ya kuuliza kodi hiyo inakwenda wapi. Sikuona kosa katika swali hilo, na hata leo silioni.

Siku moja Mwingereza aliyekuwa akiendesha mashine ya jirani alinigeukia akasema, "Lakini wewe si kama wale. Laiti wageni wote wangekuwa kama wewe." Nawaambia ukweli, sifa ile ilinilevya. Mimi niliyekuwa nikisimama mbele ya darasa kule kwetu, nikaja huku nikawa mtu ambaye hata jina lake halitamkwi sawasawa, nilijiona nimehesabiwa miongoni mwa watu wa heshima. Tangu siku ile nikayasema maneno yaleyale kwa sauti kubwa kuliko wenye nchi. Nilitaka ijulikane kwamba nami nimekasirika.

Nikayaleta mpaka hapa kanisani. Jumapili moja nilipopewa zamu ya mafundisho nilisema, na wengine mnayakumbuka maneno yenyewe, kwamba anayepokea pesa za wasio na kazi huku akifanya kazi kwa siri ni mwizi, hata kama anaimba kwaya vizuri. Mlisema amina. Siwalaumu, nilikuwa nimelijenga fundisho langu vizuri.

Katika safu ya tatu alikuwa ameketi mama mmoja wa ushirika huu. Alikuwa mhudumu katika makao ya wazee, na makao hayo yalikuwa yamefungwa miezi michache kabla, mmiliki wake aliposhindwa kuyaendesha. Alimlea binti yake peke yake katika nyumba ya kupanga kule Lozells, na aliishi kwa pesa za serikali huku akitafuta kazi nyingine. Jambo hili halikuwa siri. Alikuwa amesimama mwenyewe, hapa hapa, akaomba tumwombee apate kazi.

Mimi nakaa Acocks Green. Kila asubuhi saa moja na nusu, basi langu la kwenda kazini lilipita mtaa mmoja wa nyumba za kawaida, na katika mtaa huo nikaanza kumwona mama huyu akiingia nyumba fulani. Alivaa blauzi ya buluu, ile ya kazi wanayovaa wahudumu wa wazee, na mkononi alishika mkoba wa nguo uliolala bapa, mtupu. Nilimwona Jumatatu, nikamwona Jumanne, nikamwona wiki nzima. Mtu anayevuka mji mzima kutoka Lozells kwa mabasi mawili, amevaa nguo za kazi, kila siku kwa saa ileile, anafanya nini? Nilijiuliza swali hilo, nikalijibu mwenyewe, nikajipa alama zote.

Jumapili iliyofuata, wakati wa chai, nilimwendea mbele ya watu.

"Dada, kazi mpya inaendeleaje?"

Akacheka. "Kazi gani, Mwalimu? Kazi siku hizi imekuwa kama dhahabu."

"Na kule Acocks Green asubuhi?"

"Aa, kule! Kule naendanga kwa Fundi tu."

Wanawake waliokuwa karibu wakamrukia. "Fundi! Kumbe ulikuwa unatuficha!" "Fundi wa nini, mama, wa mabomba ama wa moyo?" "Mlete hapa tumwone, tumpime urefu!" Naye akacheka mpaka akamwaga chai. "Huyo Fundi wangu ana miaka tisini," alisema. "Nyinyi watu hamna adabu." Wakazidi kucheka, wakidhani anaendeleza mzaha. Mimi niliondoka nikijiambia kwamba mwanamke huyu amelizima swali langu kwa kicheko.

Nilikuwa bado na nafasi ya kumwuliza tena, faraghani, kama mtu mzima anavyomwuliza mtu mzima mwenzake. Badala yake niliomba ruhusa ya siku moja kazini. Ndugu zangu, nilikubali kukatwa mshahara wa siku nzima ili nikasimame kwenye kituo cha basi mkabala na nyumba ya watu nisiowajua. Mke wangu aliponiuliza naelekea wapi, nilimwambia nakwenda maktaba. Mama yule aliingia saa moja na nusu, mkoba mtupu. Alitoka karibu na saa sita mchana, na mkoba ulikuwa umejaa, mzito, akiuhamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mama mmoja wa Kihindi mwenye mvi alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika mikono kwa shukrani. Nikasema moyoni, yamekwisha. Wanamlipa kwa chakula, na pesa zimo ndani ya chakula, ili serikali isijue.

Siku hiyohiyo nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika taarifa kwa Kiingereza safi. Niliandika jina lake, mtaa wake, nyumba anayoingia, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na rangi ya nguo zake. Mtoa taarifa halazimishwi kujitaja, nami sikujitaja. Niliisoma mara mbili nikasahihisha koma moja. Kisha nikala chakula changu vizuri.

Haukupita muda mrefu mama huyu akasimama hapa wakati wa maombi. "Kuna barua imenijia," alisema. "Pesa zimesimamishwa mpaka wanihoji. Wanasema nina kazi ambayo sikuwaambia. Niombeeni, kwa sababu mwenye nyumba hataki hadithi." Mchungaji alitazama huku na huku akitafuta wa kuongoza maombi, na macho yake yakatua kwangu. Nikasimama. Nikamwombea kwa maneno mazuri. Nilimwomba Mungu audhihirishe ukweli. Nilikuwa ninaomba hivyo nikiwa na hakika ukweli uko upande wangu.

Baada ya Jumapili ile sikumwona tena kutoka kwenye basi. Nikajiambia kwamba ameogopa, na kwamba mwenye hatia ndiye huogopa.

Kisha zamu yangu ikafika. Ijumaa moja tuliitwa sote katika ukumbi wa karakana, tukapewa barua, tukaambiwa kwamba milango haitafunguliwa Jumatatu. Yule Mwingereza aliyenisifu alilia waziwazi. Mimi nilikaza uso, nikarudi nyumbani, nikapitisha Jumamosi na Jumapili nikipanga vitabu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Jumatatu nilivaa koti na tai nikatoka saa ileile kwenda mjini kuulizia kazi. Basi lilipofika mtaa ule nilimwona yule mama wa Kihindi amesimama langoni kwenye manyunyu, amevaa ndara, akitazama barabara upande huu na upande ule kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa. Nilibonyeza kengele nikashuka. Hata leo sijui kwa hakika kilichonishusha. Huenda ni kwamba, kwa mara ya kwanza, sikuwa na mahali pa kuwahi.

Nilimwuliza kwa Kiingereza kama anahitaji msaada. Alinitazama usoni, akaniuliza kama mimi ni mtu wa Kenya. Nilipokubali alibadilisha lugha papo hapo, akatoa Kiswahili kilichokuwa kimekaa kabatini miaka mingi.

"Basi ingia. Tafadhali, ingia. Baba hajakula tangu juzi. Wewe sema naye tu, sema chochote."

Nikaingia. Akanieleza tukiwa tumesimama kwenye ujia, kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuchoka kueleza. Baba yake ni Singasinga aliyekuwa na karakana ya mbao kule Nakuru kabla hawajahamia huku. Ugonjwa wa uzee ulikuwa umemchukua Kiingereza kwanza, kisha hata lugha ya mama yake ikawa inakuja na kupotea. Kilichobaki ni Kiswahili cha karakana. Binti huyu alitoka Kenya akiwa msichana mdogo. Watoto wake hawajui neno. Katika makao ya wazee alikokuwa akiishi awali, mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumlisha mzee, mhudumu mmoja kutoka Kenya. Makao yalipofungwa na mzee kurudishwa nyumbani, mhudumu huyo alimfuata, akaja kila asubuhi.

"Mnamlipa?" nikauliza. Hata pale mlangoni niliuliza hilo.

"Tulijaribu. Alikasirika sana! Alisema mgonjwa hatembelewi kwa bei. Basi mimi namwekea chakula kwa mkoba. Yeye anatoa, mimi narudisha, kila siku tunagombana hapa hapa. Wewe unajua sisi watu wa Kenya. Mtu atatokaje kwako mikono mitupu?" Akapangusa macho. "Sasa haji. Mtu amepeleka maneno serikalini kwamba sisi tunamwajiri. Ofisi imemwambia kila siku anayokuja hapa ataulizwa. Anaogopa. Ni mtu gani anaweza kufanya jambo kama hili?"

"Sijui," nikasema.

Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba uongo ni uongo. Ule ulinitoka bila hata kusita.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, amekonda, ndevu nyeupe, kilemba kimefungwa kwa unadhifu. Aliitazama tai yangu, akalitazama koti langu, akamwinamia binti yake akamwambia kwa sauti ya siri iliyosikika mpaka jikoni, "Mkaguzi amekuja. Ficha zile mbao mbichi." Hakula chochote siku hiyo.

Binti yake akanisindikiza. "Yule mama alikuwa anavaa nguo ya kazi," alinieleza. "Baba hapokei kitu kwa mtu ambaye hakuvaa nguo ya kazi. Na hali chakula kabla mafundi wake hawajala. Lazima ukae, mle pamoja, sufuria moja." Ndivyo nilivyopata maelezo ya blauzi ile ya buluu niliyoiandika katika taarifa yangu.

Kesho yake nilikuja na ovaroli niliyopewa karakana, ambayo nilikuwa bado sijairudisha.

"Umechelewa," mzee aliniambia.

"Nisamehe, Fundi."

"Kila siku nisamehe, nisamehe. Nitakukata nusu siku. Ile randa iko wapi?"

"Iko mahali pake."

"Umeinoa?"

"Nimeinoa, Fundi. Tunywe uji kwanza."

Alinitazama kwa dharau ya mtu aliyewaona wanagenzi wengi wavivu. "Wewe unapenda tumbo kuliko kazi. Haya, lete."

Alikula vijiko vitano. Binti yake alikwenda kulia jikoni. Kisha mzee akaweka mkono wake mkavu juu ya wangu. "Mama wa uji yuko wapi?"

"Atakuja, Fundi."

"Lini?"

"Kesho."

Nilikwenda asubuhi tisa, na kila asubuhi nilimwambia kesho. Siku nyingine alikula vijiko vinne, siku nyingine vitatu, na siku mbili alifunga mdomo kabisa akaugeukia ukuta. Mimi si yule aliyemzoea. Nilijua ni nani anayetakiwa, na nilijua kilichomzuia. Kilichohitajika ni mtu mmoja kwenda ofisini akasema, taarifa ile niliiandika mimi, nami sikujua nilichokuwa nikiandika. Nilijiambia nitakwenda nikisha kuyapanga maneno. Nikayapanga kwa siku tisa. Kila asubuhi nilimlisha mzee yule kwa mkono uliomfukuza mlishaji wake, kisha nikarudi nyumbani nikijihisi mtu mwema. Hilo ndilo ninaloliona zito kuliko taarifa yenyewe, ndugu zangu. Taarifa niliiandika nikiwa sijui. Kimya kile nilikikalia nikijua.

Asubuhi ya kumi nilimkuta binti yake mlangoni, amevaa nguo nyeupe za msiba. Mzee alikuwa amebanwa na kifua, akapelekwa hospitali mchana wa jana yake, na alfajiri ile akafariki. Aliponiambia hivyo aliniomba jambo moja, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwamba yule mama nasali naye. "Nenda kwa yule mama, kule Lozells. Usipige simu. Mwambie uso kwa uso."

Nilifunguliwa mlango na binti wa yule mama, msichana wa shule ya sekondari, mmoja wa hawa watoto wetu ambao tunadhani Kiswahili kimewapita pembeni. Akamwita mama yake kwa Kiingereza. Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akanitazama na ovaroli yangu.

"Ni Fundi?" aliuliza.

"Ndiyo, dada."

Akaketi kwenye ngazi, pale pale. Kisha akaniuliza, "Alikuwa amekula?"

"Jana hakula. Juzi alikula vijiko vitatu."

"Uji mlitia maziwa?"

"Tulitia."

"Nani alikuwa anamlisha?"

"Mimi."

Aliinua uso akanitazama kwa shukrani. Nawaambia, ningestahimili matusi, ningestahimili hata kofi. Shukrani ile sikuistahimili. Maneno yote niliyoyapanga kwa siku tisa yalinipotea, nikabaki na yale machache ambayo ningeyasema siku ya kwanza.

"Dada, ile taarifa niliiandika mimi."

Aliyesogea ni yule msichana. Alikuwa amekielewa Kiswahili chote. Alikuja akasimama kati yangu na mama yake, akaniambia kwa Kiingereza, kwa adabu ya kutisha, kwamba ninapaswa kuondoka.

"Mwache," mama yake alisema. Kisha akaniambia, "Wewe, Mwalimu? Si ungeniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza. Ulinitania mbele ya watu, nami nikakujibu kwa utani. Mlango wangu ni huu. Ungebisha."

Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono.

"Nyamaza. Leo ni siku ya Fundi, si siku yako. Nenda nyumbani. Jumatatu saa tatu nikukute nje ya ofisi ya ajira. Na uje bila hotuba."

Nilikwenda. Mbele ya ofisa kijana aliyetusikiliza nilijisahau, nikaanza kueleza historia ya Wahindi wa Afrika Mashariki na mila yetu ya kuuguza. Nikahisi kiatu kikinigonga chini ya meza. "Fupi, Mwalimu," mama alininong'oneza. "Huyu dada ana watu nyuma yetu." Basi nikasema fupi. Nilimwona mtu akiingia nyumba ya mgonjwa na mkoba mtupu, akatoka nao umejaa chakula. Sikuona malipo. Nilikisia. Aliyeandika ni mimi, na jina langu ni hili. Ofisa akaandika. Binti wa Fundi naye akatuma barua yake. Ilichukua majuma mengine kadhaa, lakini pesa zikarudishwa, pamoja na zile zilizozuiwa.

Nyumba haikurudi. Mwenye nyumba alikuwa ameishamtoa, na mama na binti yake walihamia chumba kimoja kwa rafiki. Msichana yule alifanyia mitihani yake ya mwaka juu ya kitanda. Wala Fundi hakurudi. Sitawapambia maneno kwa kusema kwamba yote yalitengenea. Kuna niliyoyavunja ambayo sina zana za kuyaunga.

Siku ile tulipotoka ofisini, mama huyu aligeuka kando ya barabara akaniuliza, "Na wewe, unaishi na nini?"

"Mshahara wa mke wangu."

"Hujajiandikisha upewe pesa za wasio na kazi? Si karakana yenu ilifungwa?"

"Siwezi, dada. Baada ya niliyoyasema kanisani, nitajiandikisha kwa uso upi?"

"Ulikatwa kodi miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi?" Alingoja. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, wewe huogopi dhambi. Unaona aibu kuwa kama sisi."

Nimesoma vitabu vingi maishani, na hakuna ukurasa ulionisoma kama sentensi ile. Tangu siku niliyoambiwa kwamba mimi si kama wale, nilikuwa nimefanya kila niwezalo nisiwe kama wale, hata kumtupa mmoja wao nje ili nibaki ndani.

Alinipeleka maktaba. Alivuta kiti, akakaa kando yangu, akafungua fomu. Tulipofika mahali panapouliza kwa nini kazi yako ilikoma, vidole vyangu viligoma. Nilikaa nikiitazama nafasi ile tupu, na machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi na wazee wanaosoma magazeti. Hakunibembeleza. Alisogeza kibodi upande wake akaandika kwamba karakana ilifungwa. "Ni hayo tu," alisema. "Tuendelee, bado kurasa nne."

Leo nina kazi ya siku tatu kwa wiki katika ghala la shule. Yeye alipata kazi majira ya kuchipua katika makao mengine ya wazee, na kwa agizo lake mimi huenda huko kila Jumamosi kukaa na bibi mmoja aliyekulia Kisumu, ambaye hunikosoa Kiswahili changu. Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami simwulizi. Ataniambia akitaka.

Ndugu zangu, msiondoke hapa mkidhani Mwalimu amelegea. Wapo wanaoila haki ya wenye shida, na ninawachukia vilevile kama zamani. Sheria ipo, na ifanye kazi yake. Ninachowaambia ni kwamba nyakati ngumu zinapokuja, hasira humtafuta mtu aliye karibu na aliye dhaifu, na huyo kwa kawaida ameketi kwenye safu ya tatu. Ukimshuku ndugu yako, mfuate peke yake. Bisha mlangoni kwake. Mwulize swali ambalo kweli hujui jibu lake, kisha ukae kimya mpaka amalize kujibu. Na ukisha kujua kwamba ulikosea, usikae hata siku moja ukiyapanga maneno, maana kuna mtu anayedhoofika huku wewe unatafuta namna nzuri ya kusema.

Namshukuru mke wangu, aliyebeba nyumba yetu na ukaidi wangu kwa mshahara mmoja. Namshukuru binti wa Fundi, ambaye nilimweleza yote baada ya mazishi; alinifungia mlango kwa mwezi mzima, kisha akaufungua. Nawashukuru ninyi mlionipa nafasi hii. Na yule aliyenifundisha kusema kweli kwa ufupi, aliyekaa kando yangu maktaba nilipokuwa sistahili hata salamu yake, ameniruhusu nimtaje. Ni Felista Kemunto.